Mhasibu Asiyetaja Mwizi

Tuseme shule inajengwa Kabondo-Dianda, kando ya reli itokayo Bukama kwenda Kamina. Mkandarasi ameleta ankara yake: mifuko 1,200 ya saruji, imenunuliwa Lubumbashi, imepakiwa kwenye treni, imeshushwa hapa, imepokelewa. Karatasi ni safi kabisa. Sahihi ipo, tarehe ipo, na mhuri wa mviringo upo, ule ambao bila huo hakuna ofisi ya Kongo itakayokupa hata kiti. Shule nayo imesimama na paa lake. Ila ukipitisha kidole ukutani, mchanga unamwagika.

Mpita njia atasema mara moja: wamekula. Huenda kweli wamekula. Mhasibu wa uchunguzi hasemi neno hilo. Anauliza mzigo ulisafiri vipi. Treni ikibeba saruji, shirika la reli, SNCC, nalo huandika karatasi zake: namba ya behewa, uzito, kituo cha kupakia, kituo cha kushusha, siku. Basi anakwenda stesheni, anaomba kitabu cha mizigo, anakaa nacho. Behewa kama lilipita, limeandikwa. Na ikiwa ankara inasema saruji ilishushwa katika juma ambalo hakuna treni hata moja iliyofika (na kwenye njia hii majuma ya namna hiyo si machache), hapo amepata kitu. Mwizi bado hajampata. Amepata karatasi mbili zinazokanushana, na katika ripoti yake ataandika hivyo hivyo, kwamba karatasi mbili zinakanushana.

Shule hiyo nimeitunga. Reli sikuitunga: ilifika Bukama mwaka 1918, na kufikia 1928 ilikuwa imeendelea kupitia Kamina hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo. Kwa hiyo watu wa ukanda huu wameishi na karatasi za mizigo karibu miaka mia moja. Wanajua kwamba gunia la mahindi au furushi la samaki wa ziwa Kisale likipotea njiani, mabishano yanamalizwa na yule aliyetunza kipande chake cha karatasi, wala si na mwenye sauti kubwa.

Nataka kuisifu kazi hii ya kuchunguza hesabu, na hasa kile ambacho wengi hukiona ni sehemu yake kavu kuliko zote: kanuni zake. Askari ana nyimbo zake, mganga ana hekaya zake. Sijawahi kusikia mtu akiimbiwa kwa kulinganisha ankara na kitabu cha stesheni. Hata sinema zinapomgusa mhasibu humpa bunduki, kana kwamba kalamu pekee ni aibu. Ninavyoona mimi, uzuri wa kazi hii umo katika kujizuia, na kanuni ndizo zinazomfundisha mtu kujizuia mahali ambapo kila mtu karibu yake anapiga kelele.

Chukua suala la ushahidi. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi vinampa mhasibu ngazi ya kuaminiana na karatasi. Karatasi iliyotoka kwa mtu wa nje ina uzito kuliko iliyoandikwa na mhusika mwenyewe. Ya asili inaishinda nakala. Lililoandikwa linalishinda lililosemwa, na alichokiona mkaguzi kwa macho yake kinamzidi alichosimuliwa. Ndiyo maana katika mfano wangu alikwenda stesheni kabla ya kwenda kumhoji mkandarasi. Karani wa reli aliyeandika namba ya behewa hakujua kwamba siku moja itahitajika katika ugomvi wa shule, na kwa kutojua huko hakuwa na sababu ya kumpendelea yeyote. Kanuni inatafuta hasa ushuhuda wa namna hiyo, wa mtu aliyeandika bila kujua kwamba anatoa ushuhuda.

Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, lakini mhasibu wa uchunguzi anaishi katika nusu ya pili ya hadithi hiyo, kwenye mali iliyopotea daftari likiwepo, limejazwa, limepigwa mihuri. Hapa nchi yetu ina sheria ambayo ningependa isomwe hata shuleni. Kongo ilijiunga rasmi na OHADA, jumuiya ya sheria za biashara barani Afrika, tarehe 12 Septemba 2012. Sheria ya pamoja ya uhasibu iliyopitishwa Brazzaville mwaka 2017, na kuanza kutumika Januari 2018, inataka vitabu vya hesabu vitunzwe bila nafasi tupu na bila kuchezewa kwa namna yoyote. Ukikosea, hufuti. Huchani ukurasa wala hupaki ule wino mweupe. Unaliandika kosa upya kwa alama ya kutoa, mpaka likajibatilisha lenyewe, kisha unaandika lililo sahihi chini yake. Na vitabu vinatunzwa miaka kumi.

Ukifikiri kidogo utaona ukali wa agizo hilo. Linamtaka karani aache kosa lake hadharani kwa muongo mzima, likiwa limesimama kando ya marekebisho yake. Kosa la kweli halina haja ya kujificha, na karani mwaminifu hapotezi kitu kwa kuliacha lionekane. Anayeumia ni yule aliyehitaji tarehe 14 igeuke kuwa tarehe 4. Kwa mchunguzi, ukurasa wenye masahihisho ya wazi unatia moyo kuliko ukurasa usio na doa. Vitabu vya mwaka mzima vilivyoandikwa kwa wino uleule, mwandiko uleule, bila kosa hata moja, vinamfanya asogeze taa karibu: huenda vimeandikwa vyote kwa usiku mmoja.

Sasa nifike kwenye kanuni ninayoiona kuwa kilele cha kazi yote. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, ACFE, kilianzishwa Marekani mwaka 1988, na mwanzilishi wake, Joseph Wells, alikuwa mhasibu aliyewahi kuwa mpelelezi wa FBI. Yaani mtu aliyejua vema utamu wa kumnyoshea mwingine kidole. Kanuni za maadili za chama hicho zinamkataza mwanachama kutoa maoni kwamba mtu fulani ana hatia au hana. Wahasibu wa Marekani nao, katika kiwango chao cha kazi za uchunguzi kilichoanza kutumika Januari 2020, wamekatazwa kutamka kama hitimisho kwamba udanganyifu umetendeka. Wanaruhusiwa kueleza kama ushahidi unalingana na dalili zake. Hukumu wanamwachia hakimu.

Mara ya kwanza agizo hili linaudhi. Umeajiriwa kutafuta udanganyifu, umekaa na makaratasi miezi, unajua, kisha unaambiwa usiseme? Lakini udanganyifu hauko katika tarakimu peke yake. Unahitaji nia, na nia haina safu katika leja. Leja inaweza kuonyesha kwamba fedha ziliondoka akaunti hii siku hii zikaingia ile, kwamba mwenye akaunti ile ni mtu fulani, na kwamba hati iliyozitoa ina sahihi ya mtu aliyekuwa amekwisha kufa. Yote hayo leja inaweza. Kwamba aliyeidhinisha alikuwa anajua, hilo linatafutwa kwa mashahidi, kwa maswali, mbele ya mtu mwenye haki ya kujitetea. Mhasibu anayeruka mpaka huo anawapa mawakili wa upande wa pili zawadi. Hawatakuwa na haja ya kupambana na hesabu zake. Watapambana na chuki yake.

Mfano bora ninaoujua wa nidhamu hiyo uko Tanzania, katika sakata la EPA, akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu. Wakaguzi wa kampuni ya Deloitte, walipokuwa wakikagua hesabu za benki za mwaka wa fedha 2005/06, waliuliza maswali kuhusu malipo yaliyotoka katika akaunti hiyo. Mkataba wao ulikatizwa. Kelele bungeni na magazetini zikaendelea, na hatimaye kampuni nyingine, Ernst & Young, ikapewa kazi ya uchunguzi maalumu chini ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Matokeo yalitangazwa na Ikulu Januari 2008: zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa kwa kampuni 22 katika mwaka 2005. Gavana, Daudi Ballali, akaondolewa. Alifariki Marekani Mei mwaka uleule.

Watu wanakumbuka hiyo bilioni 133. Mimi ninachokistaajabia ni jinsi wakaguzi walivyoikata vipande viwili. Kampuni 13, walisema, zililipwa takriban bilioni 90 kwa nyaraka batili na za kughushi. Kampuni 9 zilizobaki zililipwa zaidi ya bilioni 42, na kwa hizo hawakupata nyaraka za kuwawezesha kusema kama malipo yalikuwa halali au la. Nchi nzima ilikuwa inataka kusikia neno moja, wizi, na kiasi kimoja. Ingekuwa rahisi sana kuzitia kampuni zote 22 katika kapu moja, na hakuna ambaye angewalaumu. Wao wakatenga walichokijua na wasichoweza kukithibitisha, wakaweka mstari katikati. Wasomaji wengi waliuona mstari ule kuwa uoga. Kwangu ndio ushujaa wenyewe wa kazi hii, kwa sababu siku mtuhumiwa anaposimama kizimbani, kila shilingi iliyoongezwa kwa hasira ni mlango wa yeye kutokea.

Kabondo-Dianda iko katika nchi ya Waluba, na Waluba waliwahi kuwa na watunza kumbukumbu wa kupigiwa mfano. Lukasa ni ubao wa mti unaoshikika mkononi, umepambwa kwa shanga na makombe, na wazee wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kupapasa na vidole: nasaba za wafalme, njia za wahamaji, mahali patakatifu. Haukusomwa na kila mtu. Msomaji alifunzwa, akapanda daraja kwa daraja, na chama ndicho kilichomruhusu. Wataalamu waliousoma utamaduni huo wanaeleza pia kwamba usomaji ulibadilika kulingana na msomaji, mahali na haja ya baraza. Katika siasa za ufalme hiyo ilikuwa hekima. Katika hesabu ni msiba. Kiwango cha kwanza cha ripoti ya uchunguzi ni kwamba mhasibu mwingine, asiyekujua wala kukupenda, akipewa karatasi zilezile afike kwenye jumla ileile. Ndiyo sababu jalada la mhasibu limejaa vitu vinavyochosha: nani alimpa hati hii, saa ngapi, alihesabu vipi, aliacha nini na kwa nini. Kutoka Mbudye angepaswa kurithi ugumu wa kumpa mtu ruhusa ya kusoma, na Kongo imejaribu hilo kwa sheria ya Februari 2015 iliyoanzisha baraza la taifa la wahasibu wataalamu, ONEC.

Na serikali yetu je? Ukaguzi mkuu wa fedha, IGF, uliundwa mwaka 1987, lakini wananchi wengi walilijua jina lake baada ya 2020, Jules Alingete alipokabidhiwa uongozi wake. Sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Februari 2023 IGF ilitoa ripoti kuhusu Sicomines, ule mkataba wa shaba na kobalti kwa miundombinu tulioingia na kampuni za China mwaka 2008. Ripoti ilipima ahadi ya dola bilioni 3 za miundombinu, ikaona zilizotumika ni dola milioni 822. Namba mbili tu, kando kwa kando. Machi 2024 mkataba ukarekebishwa, na ahadi ya miundombinu ikapandishwa hadi dola bilioni 7. Mtu yeyote anayeona hesabu kuwa kazi ya kusinzia aziangalie namba hizo mbili tena.

Palepale ndipo penye kasoro. IGF ilianzisha pia ilichokiita doria ya fedha: wakaguzi wake wakaketi ndani ya mashirika ya umma, wakiangalia matumizi kabla fedha hazijatoka. Nia ninaielewa, nani asingependa kumkamata fisi kabla hajaingia zizini? Ila kanuni za maadili za wahasibu duniani zinaonya juu ya hatari ya mtu kujikagua mwenyewe. Mkaguzi aliyekubali malipo Jumatatu hawezi kuyachunguza Ijumaa. Yakiwa na walakini, walakini huo ni wake pia. Tukazoea vilevile kusikia kiasi na majina redioni kabla ya kesi kuiva, halafu mahakama ikaenda njia yake yenye kona. Bukanga Lonzo ni mfano. Ripoti ya IGF kuhusu mashamba yale makubwa ilitoka Novemba 2020, ikitaja zaidi ya dola milioni 200. Mahakama ya Katiba kwanza ilisema haina uwezo wa kumhukumu waziri mkuu wa zamani, baadaye ikasema inao, na tarehe 20 Mei 2025 ikamhukumu Matata Ponyo, ambaye amekana makosa, miaka kumi ya kazi ngumu. Mwanasiasa Vital Kamerhe, katika kesi ya mpango wa siku mia moja wa rais, alihukumiwa miaka ishirini mwaka 2020, ikapunguzwa kuwa kumi na mitatu, kisha mwaka 2022 akaachiwa huru. Baraza la kijiweni lilikuwa limekwisha kuwahukumu wote wawili siku ya kwanza. Mimi sijui yaliyomo moyoni mwa yeyote kati yao, na mhasibu hapaswi kujifanya anajua.

Kuna upande mwingine wa kanuni ambao hauna starehe hata kidogo. Gradi Koko alikuwa katika ukaguzi wa ndani wa benki ya Afriland First Bank huko Kinshasa. Kazi yake ilikuwa kuona, akaona: miamala ambayo kwa maoni yake ilinuka, yenye uhusiano na mtandao wa mfanyabiashara Dan Gertler, aliyewekewa vikwazo na Marekani mwishoni mwa 2017. Alieleza wakubwa wake; akaishia kukimbilia Ulaya. Mwenzake, Navy Malela, naye akaondoka. Nyaraka zao zilisaidia ripoti iliyotolewa Julai 2020 na mashirika ya Global Witness na PPLAAF. Benki na Gertler walizikana tuhuma. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, mahakama ya Kinshasa iliwahukumu wote wawili adhabu ya kifo wakiwa hawapo. Dunia ilikuja kujua Februari 2021, pale mawakili wa benki walipoitangaza hukumu hiyo.

Hapa kanuni zinagongana. Mhasibu ameapa kutunza siri za mwajiri. Ameapa pia kutofumbia macho uvunjaji wa sheria, na tangu Julai 2017 kanuni za kimataifa za maadili zinakubali kwamba siri inaweza kuvunjwa pale manufaa ya umma yanapodai, baada ya kupitia ngazi za ndani. Kwenye karatasi ni sentensi nyepesi. Koko alizipitia ngazi za ndani, na tuzo yake ikawa hati ya kifo. Wanaodhani viwango vya taaluma ni mapambo ya ukutani kwa watu wenye tai wajiulize ni mapambo gani yanayomgharimu mtu nchi yake. Na wanaoviandika viwango hivyo katika miji tulivu wajue kwamba kanuni bila mahakama inayomlinda anayeitii humwacha mtu peke yake uwanjani.

Turudi kwenye reli. Katiba ya mwaka 2006 inatoa asilimia 40 ya mapato ya taifa kwa mikoa, na sheria inataka mkoa nao uzipitishie miji, sekta na maeneo ya machifu sehemu ya fungu hilo. Tangu 2022 upo pia mpango wa maendeleo wa teritori 145, unaojenga shule na vituo vya afya, na Bukama ni mojawapo ya teritori hizo. Kwa hiyo saruji ya mfano wangu si ndoto ya mbali. Ikifika au isipofika Haut-Lomami, mkoa wa Kabondo-Dianda, kuna karatasi mahali fulani inayosema imefika.

Karatasi hizo zikikaguliwa, ripoti huandikwa kwa Kifaransa, na kinachofika sokoni ni kiasi kimoja na jina moja. Ukurasa unaoeleza wakaguzi walitazama nini, walinyimwa hati gani na hawawezi kuthibitisha lipi haufiki kamwe, na ukurasa huo ndio unaomtenganisha mhasibu na msengenyaji. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika katiba yetu. Ombi langu kwa IGF, kwa Mahakama ya Hesabu na kwa ONEC ni hili: kila ripoti inayogusa fedha za Haut-Lomami itolewe muhtasari kwa Kiswahili, ukurasa wa mipaka ukiwa ndani yake, na ubandikwe stesheni ya Kabondo-Dianda, mahali ambapo watu wana muda wa kusoma wakati wakisubiri treni.